Anatafutwa Mtu Mwenye Mikono

Tarehe 9 Januari

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu za Mama, ambaye hataki nianze barua kabla sijaandika kwamba anakula vizuri na kwamba magoti yake ni yake, watu wasimuulize habari zake. Mimi mzima. Paa la jikoni tumeliziba, sasa halivuji kabisa isipokuwa mvua ikinyesha. Nimesikia mwanao ameota meno. Mwambie shangazi yake anampa pole, maana anayeanza kutafuna ndiye anayeanza kutafuta.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu unasema "sawa, sawa" kabla sijafika katikati ya neno. Karatasi itakulazimisha ufike mwisho.

Shida yangu ni watu. Yule fundi mzee aliyekuwa na Baba tangu sisi tukiwa watoto ameacha kazi. Macho yamemkataa, na mwanawe amekuja kumchukua. Alipoaga alishika kila kifaa ukutani kimoja kimoja, mimi nikajifanya natafuta uzi ili asinione uso. Kwa hiyo karakana nzima nimebaki peke yangu. Na wateja hawapungui. Mwenye mguu mmoja mfupi, mwenye unyayo uliopinda, aliyeungua akiwa mdogo, wote wanakuja hapa kwa sababu dukani viatu huuzwa kwa jozi, na wao miguu yao haikuumbwa jozi.

Wewe na mimi tulifundishwa na baba mmoja. Wewe ukaenda kwenye kiwanda kinachomwaga viatu kama mvua, tena siku hizi hata kiatu hukigusi, kazi yako ni kuajiri. Unakaa nyuma ya meza, watu wanakujia na mashati yaliyopigwa pasi. Basi niambie, sisi wadogo tunawapataje watu hodari? Mimi sina jengo wala lifti. Nina chumba cha mbele, chumba cha nyuma, na kibao ambacho nusu ya herufi zake zimeanguka.

Ni mimi dada yako.

Tarehe 6 Februari

Dada mpendwa,

Shikamoo, na Mama mpe shikamoo yake peke yake. Sisi wazima. Mke wangu anakusalimu. Ana mafua yanayozunguka nyumba nzima, yakimwacha yeye yananishika mimi, kisha yanarudi kwake. Mtoto anauma kila anachokiona. Jana ameuma kiti.

Nimefurahi umeniuliza. Tangu nianze kazi hii hujawahi kuniuliza chochote juu yake. Nitakuambia ninayoyajua, na mengi hayahitaji jengo.

Tangazo liseme ukweli. Ukiandika kwamba unataka vyeti na uzoefu, utaletewa vyeti na uzoefu, mtu mwenyewe hutampata. Andika kazi ilivyo, na ubaya wake. Halafu usimhoji mtu kwa maneno. Mpe kazi ya siku moja, kazi ya kweli, umlipe siku hiyo hiyo hata kama hutamchukua. Mshahara usipokuwa mkubwa, basi usikawie. Kwa pesa sisi wakubwa tutakushinda, huko usishindane. Lakini wewe una kitu ambacho sisi hatuna. Kwako fundi anakiona kiatu chake kikitembea. Huku mtu hubandika soli mpaka anastaafu, na hajawahi kumjua hata mvaaji mmoja.

La mwisho ndilo gumu. Mtu hodari hujiuliza moyoni, nikikaa hapa nitakuja kuwa nani? Rasilimali watu ni kama mti, Dada, usipoona jua haukui. Atakayekuja, siku moja ataruhusiwa kuchonga kalibu? Najua Baba alivyosema, kwamba ule mguu wa mti tunaoujengea kiatu ndio roho ya kazi, na mkono wa kuuchonga uwe wa nyumbani. Alitufundisha sisi wawili tu, tena ndani ya chumba cha nyuma, mlango umefungwa. Lakini mimi niliondoka. Mkono wa nyumbani umebaki mmoja.

Hilo naomba unijibu.

Mdogo wako.

Tarehe 20 Machi

Mdogo wangu,

Mama salama. Ameanza kugombana na redio, anasema inamkatiza. Wifi yangu mpe pole ya mafua. Na kile kiti kilichoumwa kinaendeleaje?

Eti rasilimali watu ni kama mti. Nilimsomea Mama maneno hayo, akauliza kama huko mnakula vizuri.

Hata hivyo nimekusikiliza. Niliandika tangazo kwa mkono wangu, nikalibandika kwenye mlango wa duka la dawa: "Anatafutwa mtu mwenye mikono. Kazi ni ya kukaa, inachafua, harufu ya gundi haitoki nguoni, na wateja wengine hulia. Mshahara si mkubwa lakini haukawii." Mwenye duka aliniambia kwa tangazo kama hilo nitampata mtu anayewakimbia polisi tu.

Wakaja. Wa kwanza alikuwa na bahasha ya vyeti nene kama mto wa kulalia. Nikampa kazi ya siku moja kama ulivyosema. Kabla ya chai alikuwa amejigandisha kidole kwenye ngozi kwa gundi, ikabidi aende nyumbani na kipande changu cha ngozi kidoleni. Wa pili aliuliza kama kiti chake kitakuwa cha kile kinachozunguka. Wa tatu alifanya kazi safi, nikafurahi, kesho yake hakuonekana. Kumbe alitaka ile pesa ya siku tu. Huyo nampa hongera, alilielewa tangazo kuliko wewe uliyenishauri.

Wa nne ni mwanamke wa makamo aliyekuwa akishona viti vya magari. Hasemi. Aliingia, akasema, "Mikono ninayo," basi. Nilimpa buti la kushona upya, lenye soli iliyopandishwa kwa ajili ya mguu mfupi. Alilivaa mkononi kwanza, akalitembeza juu ya meza taratibu, kisigino kisha kidole, aone linavyokwenda, ndipo akachukua sindano. Mdogo wangu, Baba ndivyo alivyokuwa akifanya. Na hakuna aliyemwambia. Nilikwenda kuchemsha chai ambayo hakuna aliyeiomba, kwa sababu machozi yalikuwa karibu.

Mimi na Mama tunamwita Kimya. Anaanza Jumatatu. Kazi ni nyingi, naishia hapa.

Dada yako.

Tarehe 11 Aprili

Dada mpendwa,

Shikamoo. Kiti hakijapona. Mke wangu amepona, sasa mafua ni ya mtoto.

Habari za Kimya nimezisoma na kuzirudia. Mtu wa namna hiyo huku akipita, wakuu wa idara wanagombana nani amchukue. Mshike sana. Akikosea mwambie mkiwa wawili, akipatia mwambie mbele za watu. Wateja wakiuliza nani kashona, mtaje. Mambo haya hayagharimu chochote, na ndiyo yanayowafanya watu wayakimbie makampuni makubwa.

Na chumba cha nyuma, Dada? Nilikuuliza, ukanijibu habari za kiti.

Mdogo wako.

Tarehe 14 Juni

Mdogo wangu,

Nisamehe kwa kukawia. Mama ana kikohozi kidogo, lakini sauti ya kulalamika anayo, kwa hiyo sina wasiwasi. Salamu kwa wote nyumbani.

Kimya anaendelea vizuri. Anafika kabla yangu, anapanga nyuzi, na viatu vya zamani vikiletwa kutengenezwa hukaa anavigeuzageuza ndani na nje. Wateja wamempenda kwa sababu hawaulizi maswali ambayo wameyachoka.

Unamkumbuka yule mpishi wa shule niliyewahi kukuambia, ambaye binti yake mguu wa kushoto ni mfupi? Daktari amemwambia mtoto asipovaa buti linalomfaa, mwaka hadi mwaka kadiri anavyokua, nyonga itapinda na haitarudi. Alikuja kuchukua buti la mwaka huu. Siku nilipokuwa nachonga kalibu yake nilikuwa nimechoka, patasi iliteleza kidogo. Ni uchovu tu. Lakini buti lilitoka zuri kuliko nilivyotegemea. Mtoto aliondoka hapa anakimbia, mama yake nyuma na mkoba wake. Kuhusu buti lile sina la kusema, kwa hiyo sisemi.

Kufuli la chumba cha nyuma nimelibadilisha. Lile la zamani lilishika kutu.

Ulisema akipatia nimsifu mbele za watu. Nimesikia. Kila jambo na wakati wake.

Dada yako.

Tarehe 28 Agosti

Mdogo wangu,

Barua ya Juni hujaijibu. Natumaini ni uvivu na si ugonjwa. Mama amepungua, nguo zinamning'inia, ila ukimwambia anakasirika.

Kimya ameondoka. Ilikuwa mapema mwezi wa saba, nikawa sitaki kuandika, nikidhani atarudi. Nilikuta aproni imekunjwa juu ya meza na ufunguo wa mlango wa mbele juu yake. Hakuaga. Sikumkosea kitu. Mshahara haukukawia hata siku moja, na chai nilimpikia kwa mikono yangu.

Nimebandika tangazo tena. Amekuja mtu mmoja, akauliza kama hiki chumba nakipangisha. Ushauri wako wote nimeufuata, na matokeo ndiyo haya. Watu wazuri wana wenyewe, ndugu yangu. Sisi wengine tunaonyeshwa tu, kisha wanafichwa. Asubuhi nafungua mlango, nakaa, naviangalia viatu vilivyopangwa vinasubiri, na mara nyingine jua linazama sijagusa hata kimoja.

Mama anauliza yule asiyesema yuko wapi. Namwambia ameenda kwao.

Dada yako.

Tarehe 30 Septemba

Dada mpendwa,

Shikamoo. Nisamehe kimya changu, kazi zimenizidi. Mtoto ametembea, anaanguka kwa heshima, anakaa kwanza ndipo analia. Mama mpe pole, na hizi dawa za kikohozi nilizoambatanisha azinywe hata kama atasema ni tamu mno.

Pole sana kwa kuondokewa. Sisi huku mtu akiacha kazi tuna utaratibu wa kumuuliza sababu. Wewe ulimuuliza? Kama hukupata nafasi, basi kumbuka mwenyewe kama kulikuwa na siku alipofanya jambo kubwa likapita bila neno. Pengine hakuna. Mimi nasema tu kwa jumla.

Kufuli la chumba cha nyuma nililiweka mimi na Baba kabla sijasafiri. Lilikuwa la shaba. Sikujua kama shaba nayo hushika kutu.

Mdogo wako.

Tarehe 2 Novemba

Mdogo wangu,

Dawa Mama amezinywa na amesema ni tamu mno. Mengine ya nyumbani yasubiri.

Unaniandikia kama mtu anayejua kitu. Basi ngoja nikwambie mwenyewe, kabla hujaendelea kunizunguka.

Mkono wangu wa kulia unatetemeka. Ulianza mwaka jana. Nikishika kikombe unatulia, nikishika patasi unaanza. Daktari amesema hautapona, utaongezeka. Ndiyo maana nilikuandikia Januari, lakini sikuweza kuliandika hilo, niliona nikiliandika litakuwa kweli.

Kalibu ya binti wa mpishi niliiharibu. Nilikata pale kifundoni pasipotakiwa, nikaiacha mezani, mlango nikasahau kuufunga, nikaenda kujilaza. Niliporudi ilikuwa imesawazishwa. Mti umetolewa upande wa pili ili kosa langu liwe umbo. Nilijua hapo hapo si mkono wangu. Ilikuwa kama kazi ya Baba. Ningepaswa kupiga magoti nishukuru, nami nikapandwa na hasira ambayo sijapata kuwa nayo maishani. Nilijiona nimeibiwa nikiwa hai. Habari za kutu ni uongo, umeshajua.

Sasa nasema hivi. Kufuli nimeling'oa, pamoja na komeo lake. Namtaka Kimya arudi. Chumba cha nyuma kiwe chake, nitamwonyesha yote aliyotuonyesha Baba na yale niliyoyagundua mwenyewe, na kibaoni tuandike jina lake. Wewe una ofisi inayojua watu walipo. Nitafutie. Yule mtoto anarefuka, vidole vyake vimeshafika mwisho wa buti, na mama yake ameniambia atamleta shule ikifungwa. Sijawahi kukuomba kitu kikubwa. Hiki nakuomba.

Dada yako.

Tarehe 25 Novemba

Dada,

Shikamoo. Nyumbani wazima wote.

Kimya yuko huku. Nilimwajiri mimi.

Alikuja mwezi wa saba, akapanga foleni na wengine. Nilimuuliza alifanya kazi wapi, akataja karakana yako, hajui kama ni yetu. Nikamuuliza kwa nini ameacha. Akanisimulia habari ya kalibu na kufuli kwa maneno machache sana, bila kukusema vibaya. Nilijua ni nani. Ningeweza kusimama, nikamwambia yule ni dada yangu, subiri, nitazungumza naye. Nilimpa kalamu asaini. Mkuu wangu alikuwa ananidai fundi hodari tangu mwanzo wa mwaka, na huyu alikuwa bora kuliko wote niliowahi kuwaona. Nilisifiwa kwa ajili yake, Dada. Mbele za watu.

Yuko chumba cha viatu vya mfano. Kalibu za huku ni za plastiki, zinatoka mashineni, kushoto na kulia sawasawa. Alipewa siku ya kwanza, hakuna aliyemfungia.

Barua yako ilipofika nilimwendea. Nilimwambia mimi ni nani, nikamsomea uliyoyasema, neno kwa neno. Alisikiliza mpaka mwisho akiwa na soli mkononi. Kisha akasema, "Nilitaka aniulize nimejulia wapi. Swali moja tu. Ningemwambia nimejulia kwenye viatu vyake." Nikamuuliza kama atarudi. Akasema wanawe wameshaanza shule huku, na kwamba amekusamehe, ila moyo wa kuja kukaa tena pale hana. Nilimbembeleza. Nilimwambia habari za mtoto. Akaiweka soli chini, akatoka nje, na aliporudi akaendelea na kazi. Jibu lake ni hilo.

Hapa chini nilikuwa nimeandika mistari kuhusu mimi mwenyewe, nikaikata. Naomba usijaribu kuisoma kwa kuinua karatasi mwangani.

Mdogo wako.

Tarehe 19 Desemba

Mdogo wangu,

Mama anakohoa lakini anakula. Hajui kitu. Nimemwambia umeleta salamu na kwamba mtoto anatembea, akafurahi, akataka kujua anavaa viatu gani. Wifi yangu msalimie, hana kosa.

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama, nikadhani nitakasirika. Hasira haikuja. Afadhali ingekuja, ningepata cha kufanya. Umemwajiri mtu hodari, ndiyo kazi yako, na mimi ndiye niliyekutafutia. Mistari uliyoikata sikuisoma. Karatasi niliinua, kisha nikaishusha.

Mpishi alimleta binti yake wiki iliyopita. Nilitaka kuwaambia mlangoni wasiingie, lakini mtoto alishajua pa kukaa, akapanda kwenye kiti, akavua buti mwenyewe, akanyoosha mguu. Nikapima. Nikachukua kipande cha mti, nikasema moyoni labda leo, labda kwa ajili yake mkono utatulia. Nikashika patasi mbele yao. Ikaenda ilikotaka yenyewe. Nikajaribu tena. Mtoto akashuka kitini, akaja akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaupulizia pumzi. Alidhani nasikia baridi.

Ndipo nikamwambia mama yake ukweli, kwamba karakana naifunga. Hakulia. Ni mtu wa kazi, akauliza swali la kazi, kama hakuna mwingine popote anayeweza. Nikamwambia ninaowajua ni wawili, na wote wana kazi nzuri mbali. Akaniomba niwaandikie. Akasema watu wenye ujuzi kama huo wakielezwa shida ya mtoto hawawezi kukataa.

Nikamwambia nimeshawaandikia.

Dada yako.